Nilivyoongeza takwimu kwenye shahada yangu ya uhandisi

Nilisoma uhandisi mitambo, na chuo kilituruhusu kuongeza fani ndogo, yaani kozi chache kutoka idara nyingine. Wenzangu wengi walichukua hisabati kwa sababu inayoeleweka: kalkulasi na hesabu za matriki ni za lazima kwetu, kwa hiyo zinazobaki kuongezwa ni chache. Kwangu hiyo ilikuwa sababu ya kuiacha. Nilitaka kitu ambacho shahada yenyewe hainipi.

Pengo nililiona maabara. Tulipima uchovu wa chuma, yaani jinsi kinavyodhoofika kinapobebeshwa mzigo tena na tena, kwa vipande vya aina moja, vilivyochongwa kwa vipimo vilevile na kubebeshwa mzigo uleule. Kimoja kilivunjika mapema, kingine kikadumu mara kadhaa zaidi. Jedwali la kitabuni lilikuwa na namba moja tu. Nikaanza kufuatilia namba hizo zinatoka wapi. Maisha ya beringi yanayoandikwa kwenye katalogi, kwa mfano, ni yale ambayo beringi 90 kati ya 100 zinatarajiwa kuyafikia; 10 zinaweza kufa kabla. Mhandisi asiyejua hilo anaisoma namba hiyo kama ahadi.

Kisha nikasoma kuhusu chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilichopotea Januari 28, 1986 pamoja na watu 7. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi walibishana kama baridi ingedhoofisha mipira inayoziba maungio ya roketi. Walipolinganisha safari zilizotangulia na hali ya hewa, waliangalia zile zilizopata hitilafu tu, na humo uhusiano na baridi haukuonekana. Safari zilizokwenda salama zingewekwa pamoja nazo, picha ingejitokeza: zote zilizorushwa chini ya nyuzi 18 za Selsiasi zilikuwa na dalili za hitilafu, ilhali nyingi za siku za joto hazikuwa nazo. Baada ya hapo sikuwa na shaka tena. Nilichagua takwimu.

Uchumi niliufikiria pia, na kwa anayetaka kusimamia miradi naupendekeza kwa moyo wote. Kuandika programu niliamua nitajifunza kwa kufanya. Nadharia ya uwezekano nilihitaji mwalimu mbele yangu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ratiba, na hapo ndipo fani ndogo nyingi hufia. Nilichora kozi zote kwa mishale nione ipi inatangulia ipi, na ipi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Uwezekano ulikuwa mlango wa nyingine zote, kwa hiyo niliuchukua mapema kama kozi ya hiari kabla ya kujisajili rasmi. Ungenishinda, bado ungehesabika kwenye shahada. Kozi ya udhibiti wa ubora iligongana na maabara. Niliuliza idara zote mbili, nikaruhusiwa kuisoma mwaka uliofuata.

Faida kubwa niliipata kwenye mradi wa mwisho wa kulehemu. Nilikuwa na vigezo 3: mkondo wa umeme, kasi na upana wa pengo, kila kimoja katika viwango 2. Badala ya kubadilisha kimoja kimoja, nilipima michanganyiko yote 8. Ikaonekana kwamba kuongeza umeme kuliimarisha kiungo pale kasi ilipokuwa kubwa, na kukidhoofisha pale ilipokuwa ndogo.