Shingo Isiyoinuka

Mgonjwa aliletwa usiku kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mdogo wake, kutoka mashamba ya Kabare hadi hospitali yetu moja ya Bukavu, mashariki mwa Kongo. Povu lilimtoka mdomoni, jasho likachuruzika, suruali imelowa mkojo. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, na mapigo ya moyo 48 kwa dakika.

“Mama, hii ni karuho, amelishwa sumu kwa siri,” mdogo wake aliniambia. “Tumpeleke akatapishwe.”

Nilikataa. Mtu aliyelegea hivyo akitapishwa, matapishi huingia mapafuni. Isitoshe, shati lilinuka dawa ya wadudu: alishinda akipuliza nyanya, na pompi ikimvujia mgongoni. Sumu hizo za oganofosfati hupenya ngozi na kuzima kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuamrisha tezi, moyo na misuli. Asetilikolini ikirundikana, tezi humwaga maji bila kikomo, moyo hupungua mwendo, na mgonjwa huzama katika ute wa mapafu yake mwenyewe.

Tulivaa glavu, tukamvua nguo zote, mmoja akimwosha kwa sabuni huku mwingine akimpa oksijeni na atropini ya mshipani, dawa inayozuia asetilikolini kwenye tezi na moyo: miligramu 2, baada ya dakika tano 4, kisha 8. Daktari kijana aliogopa vipimo hivyo, kwa maana kwa moyo uliopunguza mwendo tu amezoea nusu miligramu. Lakini hapa kinachoamua ni kifua. Unaongeza mara mbili kila dakika tano hadi mkoromo wa maji uishe, mapigo yapite 80 na presha ipande. Usisubiri mboni zipanuke, huchelewa. Kifua kilipokauka, tuliweka miligramu 2 kwa saa katika dripu, tukichunguza homa, kuweweseka na tumbo lililonyamaza, dalili kwamba atropini imezidi.

Kesho yake alizungumza, ndugu wakafurahi. Mimi niliendelea kumwambia, “Kaka, inua kichwa kwenye mto.” Siku ya pili usiku hakuweza. Atropini hukausha tezi na kuamsha moyo, ila haigusi mahali neva inapokutana na msuli. Huko msuli uliochokozwa mno huishiwa nguvu, kwa kawaida kati ya siku ya kwanza na ya nne. Shingo hutangulia, pumzi hufuata. Kifua kikavu kinaweza kukudanganya kabisa.

Tulimwingiza mpira wa kupumulia kwa ketamini, dawa ya usingizi, bila suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli: kimeng'enya kinachoivunja nacho huzimwa na sumu hii, na kulegea kwa dakika chache kungekuwa kwa saa nyingi. Mashine ilimpumulia hadi shingo ilipopata nguvu tena.

Siku ya kutoka, mdogo wake aliuliza mkanda na viatu vya ngozi viko wapi. Tulikuwa tumevitupa. Shati hufuliwa peke yake kwa sabuni nyingi, lakini ngozi iliyokunywa sumu haisafishiki, na angevaa tena sumu ileile.