Sanduku la wasio na uti wa mgongo: pingili zimekubali!

Wadau, ule uti wa mgongo wa mbao UMEPINDA, tena unarudi wenyewe! Wale mlinishauri ninunue tu wa plastiki, asanteni, kaeni nao.

Kwa wageni, sanduku ni la kufundishia watoto, la konokono wa ziwa, nge, jongoo, na vile vidudu vinavyofunikaga taa zetu hapa Kisumu. Sasa uti umeingiaje? Jina lao la kizungu, invertebrates, limetoka kwa pingili, vile vipande vya uti, Kilatini vertere ni kugeuka, vertebra ni kiungo kinachogeuka, ukiweka in- mbele umekana. Na mtoto utamwonyesha aje kitu hakipo kama hajashika kile kipo?

Nilikata mpini wa fagio vipande 24 kama pingili za mtu, shingo 7, kifua 12, kiuno 5, zile za chini zimeshikana nikaziacha. Kutoboa katikati hakukuwa na shida, shida ni kuunganisha. Waya ukiupinda unakaa hivyo hivyo. Nailoni ya wavuvi ukiilegeza mgongo unaanguka, ukiikaza unakuwa rungu. Nikaweka mpira wa tyubu katikati, bado mgumu, wiki nzima nikinuna tu. Kilichofanya kazi ni soli ya patipati kuukuu! Unakata viduara, unaweka kati ya kila pingili, upande mmoja unabonyea mwingine unafunguka, na ukiachilia unanyooka. Supaglu msinitajie tena, inakausha sponji inakuwa jiwe. Na dril ya mkono inashinda ya stima kwa mbao nyembamba, haipasui.

Plan ilikuwa sasa nichore chati ya majina ambayo hawa wanyama wamepewa. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwaita wasio na damu, Linnaeus, Mswidi wa kupanga viumbe kwa makundi, akawagawa wadudu na minyoo basi, halafu Lamarck, mtu wa mimea, akapewa hao wadudu na minyoo kule makumbusho ya Paris 1793, na 1801 akawatolea kitabu kwa jina la wanyama wasio na uti. Jina lenyewe huniudhi kidogo, hao ni zaidi ya asilimia 95 ya spishi za wanyama, ni kama kuita ploti nzima "wasio na gari" juu landlord ako na Probox.

Lakini chati ingoje. Jongoo wangu mmoja amekauka na ameachana pete pete, watoto wanabisha eti huo ndio uti wake, kumbe ni gamba la nje, misuli inashikilia kwa ndani. Nataka kuzipitishia nailoni hizo pete nione zitapinda bila sponji. Mwenye atapata jongoo mkubwa aliyekufa huko Riat aniwekee kwa kopo, asimkanyage.