Panga Lisilokata

Mwanangu alikuwa anatafuta bisibisi kwenye mfuko wa zana, akaibuka na ripa. "Baba, hili panga mbona halina makali?"

"Siyo panga. Liweke chini, hizo ndoano zinachana vidole."

"Sasa linakata nini?"

Nikamwambia linakata misumari ambayo huioni. Akanitazama vile ninavyotazamwa siku hizi nikieleza kitu chochote cha kabla ya simu, akachukua bisibisi yake akaenda zake.

Nikabaki na ripa mkononi, chuma cha kukatia misumari iliyofichwa chini ya sleti, yale mawe bapa ya kuezekea paa. Urefu wake ni kama futi mbili, bapa, jembamba la kupita chini ya jiwe bila kuliinua. Nchani kuna ndoano mbili, moja kila upande, na mpini umekunjwa ukakaa juu kidogo ya ulalo wa chuma ili nyundo ipate pa kugonga. Hapo pa kugongea pamebonyea. Aliyepabonyeza ni Mzee, fundi aliyenifundisha kazi, miaka mingi kabla hajaniachia.

Basi nikakumbuka Bethesda, kaskazini mwa Wales, wiki ile ya dhoruba, nyumba ya yule bibi wa paka.

Upepo ulikuwa umemchomolea vibao vinne vya sleti kwenye mteremko wa mbele. Vitatu vilitoka mahali pamoja, viwili safu ya juu na kimoja chini yao, pakabaki pengo la pembetatu. Viwili kati ya hivyo vilikuwa uani, vipande vipande. Cha tatu kilinasa kwenye mfereji wa mvua, kizima. Cha nne kilikuwa pembeni zaidi, kimeteremka nusu, kimekaa upande, kinasubiri upepo mwingine. Chumbani bibi alishaweka beseni.

Jukwaa likasimamishwa kwanza, maana kule tangu kanuni za mwaka 2005 za kazi za juu huwezi kuegemeza ngazi tu na kumwachia Mungu. Kisha ikalazwa ngazi ya paa, ile yenye ndoano inayovuka kofia ya paa kule kileleni na kushika upande wa pili. Juu ya sleti hapakanyagwi. Kibao cha unene wa milimita tano au sita kinabeba theluji msimu mzima, lakini kisigino kimoja kinakipasua, na ufa wenyewe hutauona mpaka mvua ikuonyeshe.

Mzee alianza na kile cha mferejini. Akakishika pembeni kwa vidole viwili, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Anayenunua chungu sokoni anaijua hii: kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Kile kililia. Akanionyesha matundu yake mawili, safi, hayajapanuka wala kumegeka. Jiwe halikuwa na kosa. Kwenye papi, zile fito za mbao zinazobeba vibao, palibaki vijiti vya misumari ya chuma visivyo na vichwa, vimeliwa na kutu mpaka unavivunja kwa kucha. Mapaa mengi ya sleti huchoka hivyo. Jiwe la Wales linapita miaka mia bila shida. Msumari wa chuma hauwezi, hata uwe umepakwa zinki. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu anapigilia wa shaba nyekundu.

Kwa aliyezoea bati, au vigae vya Mangalore vya kwetu pwani, paa hili linachanganya kidogo. Kigae cha Mangalore kina mifereji na midomo ya kushikana na mwenzake. Sleti ni kibao bapa tu. Kinachozuia maji ni kulaliana, na kulaliana ni hesabu. Saizi zao zina majina ya wake wa wakubwa: Duchess ni inchi 24 kwa 12, Countess 20 kwa 10, Lady 16 kwa 8. Ya bibi ilikuwa Countess. Chukua urefu, 20, toa ulalio wa inchi 3, gawanya kwa mbili: inchi 8 na nusu, na huo ndio umbali wa papi hadi papi. Kila kibao kinakifunika cha chini yake, na bado kinapanda inchi 3 juu ya kichwa cha kile cha chini zaidi. Popote tone linapoangukia linakuta tabaka mbili, na penye ulalio tatu. Mianya nayo inapishana, wa safu moja unakaa katikati ya kibao cha safu nyingine, kwa hiyo maji yakipenya kwenye mwanya yanakuta jiwe.

Uzuri huo ndio tabu ya mkarabati. Misumari miwili ya kila kibao inapigwa karibu na katikati ya urefu wake, kisha safu ya juu inaifunika. Kwa hiyo cha zamani hukifikii, na kipya huna pa kukipigilia. Kubomoa safu zote mpaka kileleni kwa ajili ya kibao kimoja hakuna atakayekulipa.

Mzee akalala kifudifudi kwenye ngazi ya paa, shavu karibu liguse jiwe, akaingiza ripa chini ya kile cha nne. Kilikuwa kimebakiwa na msumari mmoja. Akalisukuma chuma juu taratibu, akalipeleka kushoto, akalirudisha kulia. Hakuwa anatazama anachofanya. Alikuwa anatazama mlima. Chini ya jiwe nikasikia mkwaruzo mkavu, ukafuata mkwaruzo mzito zaidi wa mbao, kisha "tik", na chuma kikasimama. Akakivuta kwake kidogo mpaka ndoano ikashika shingo ya msumari. Akaachia pumzi. Nyundo ikagonga kwenye kile kikunjo cha mpini, pigo la kuelekea chini ya mteremko, la kuonja. Likaja la pili, la kazi. Ndani kitu kikakatika, ripa ikashuka inchi nne kwa mkupuo, na kibao kikateleza polepole kikaingia kwenye kiganja chake cha kushoto ambacho muda wote kilikuwa kinangoja chini. Vumbi la chokaa likamwagika nyuma yake. Nyumba za zamani zilisilibwa chokaa yenye nywele za wanyama upande wa ndani wa vibao, na ikishakauka na kuzeeka inadondoka ukiigusa tu.

Akanipa ripa. "Kwenye pengo pale kuna kijiti bado. Kitafute."

Kilikuwa kimejificha nyuma ya mkia, yaani ukingo wa chini, wa safu ya juu. Nikasukuma. Jiwe linakwaruza, mbao inanyonya, msumari unakusimamisha. Mkono unajua tofauti kabla kichwa hakijajua. Nilipokipata Mzee alisema neno moja tu: "Usinyanyue." Ukiinua mpini ili uone, unapasua kibao kizima kilicho juu ya chuma, na sasa una kazi mbili kwa bei ya moja.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Cha chini kwenye ile pembetatu kilipata bahati: waliokuwa juu yake hawapo, kwa hiyo pa misumari pako wazi. Kikapigiliwa miwili ya shaba kama siku ya kwanza. Nyundo inasimama kichwa kinapolala tu kwenye tundu. Ukikaza zaidi jiwe linapasuka, ukilegeza kibao kinacheza na kugonga kila upepo ukivuma. Tundu lenyewe linatobolewa kutoka mgongoni ili jiwe limegeke upande wa uso, na hapo kwenye kishimo ndipo kichwa cha msumari kinapozama.

Vitatu vilivyobaki vilishikwa kwa ukanda. Huu ni ukanda wa shaba, upana inchi moja, urefu kama 9. Ndani ya pengo unaona mwanya kati ya vibao viwili vya safu ya chini, na ukiufuata juu, mara tu unapopita kichwa cha kibao cha chini zaidi, papi inaonekana. Hapo unapiga msumari mmoja, ndani ya mbao, bila kutoboa jiwe lolote. Uwe wa shaba pia, kwa sababu wa chuma ukigusana na shaba penye unyevu unaliwa upesi. Ukanda unalala kwenye mwanya, ncha yake inaning'inia. Unakisukuma kibao juu yake, ukingo wake uliochongwa mshazari ukitazama angani, kinaingia chini ya safu ya juu mpaka mkia ulingane na majirani. Ncha iliyobaki nje unaikunja juu ya mkia, unaikunja tena juu yake yenyewe, unaikandamiza.

Wengi hutumia ukanda wa risasi, ile metali laini, kwa kuwa inakunjika kwa kidole gumba. Inakunjuka kwa urahisi huohuo theluji inapoteleza, na kibao kinarudi mferejini.

Vibao viwili vya kufidia tulivitoa kwenye akiba ya mitumba ya Mzee. Alivipima unene kwa makini kuliko alivyopima kitu kingine chochote. Kinene kuliko wenzake kinawainua walio juu yake, na upepo unapata pa kuingiza vidole.

Kila nchi ina mkato wake. Uskoti, kwenye mapaa mengi ya zamani, kibao kimepigiliwa msumari mmoja tu kichwani kwenye mbao zilizofunika paa lote, kwa hiyo fundi anavizungusha majirani kando, anapigilia kipya, anawarudisha. Marekani wapo wanaopiga msumari kwenye mwanya wa safu ya juu moja kwa moja, kupitia kibao kipya, halafu wanachomeka kipande cha shaba kilichopinda kidogo juu ya msumari ili maji yasiufikie. Zote zinafanya kazi. Isiyofanya kazi ni kubandika kwa sementi au gundi, na ile povu ya kupuliziwa kwa ndani inayouzwa kama dawa ya paa. Povu inavigandisha vibao pamoja, inaziba hewa, papi zinaoza gizani, na siku ya kuezua huokoi hata jiwe moja.

Wakati wa chai Mzee alinionyesha machimbo ya Penrhyn, ngazi za mlima uliokatwa. Bethesda yote imetoka humo: mapaa, vizingiti, mawe ya makaburi, hata uzio wa mashamba ni mabamba ya sleti yaliyosimamishwa na kufungwa waya. Akasimulia mgogoro wa 1900 hadi 1903, wachimbaji walipokaa nje miaka mitatu na madirishani wakaweka kadi zilizoandikwa kwa Kiwelshi kwamba nyumba hii haina msaliti. Hakunisimulia kwamba Richard Pennant, bwana aliyeyakuza machimbo yale karne ya 18, alikuwa na mashamba ya miwa Jamaika yaliyolimwa na watumwa. Hilo nililisoma baadaye mwenyewe. Mwaka 2021 UNESCO ikaiingiza mandhari ile ya sleti kwenye urithi wa dunia, nami nikafurahi kama mwenyeji, kisha nikajiuliza nafurahi kwa niaba ya nani. Sijapata jibu, na mawe yale naendelea kuyapenda.

Bibi alitoka na paka mkononi akauliza: itadumu?

"Hivi vinne vitaishi kuliko mimi," Mzee akasema. "Majirani zao sijui. Misumari yao ina umri uleule."

Akamweleza bila kuficha. Dawa kamili ni kuezua mteremko wote, kuvigonga vibao kimoja kimoja na kuweka vinavyolia, kubadilisha papi, na kuvirudisha vilevile kwa misumari ya shaba. Jiwe karibu lote analo tayari, anacholipia ni mbao, shaba, jukwaa na mikono. Bibi akauliza bei. Akalitazama paa, akamtazama paka, akalipia vinne.

Mpaka leo sijui kama kumtengenezea mtu vibao vinne vinne ni kumsaidia au kumla kidogo kidogo. Mzee naye nadhani hakujua, maana nilipomuuliza garini alianza kunieleza habari za mifereji. Kabla majira ya baridi hayajaisha bibi akapiga simu: mteremko uleule, safu mbili juu ya zetu. Kanda za shaba zilikuwa garini tayari, zimekatwa inchi 9.