Ile siku ya vibao vya Roper

Enzi hizo nilikuwa nafanya kazi ya kurudisha mbao za zamani kwenye hali yake, fenicha zaidi, meza zilizochubuka na makabati yaliyoliwa pembeni, sasa kuna mzee mmoja mkusanyaji wa rivolva za zamani alikuwa ananiletea mipini yake nimsafishie. Bastola zenyewe sikuwa na habari nazo na mpaka leo sijazipenda, ila mbao zake weee, kuna watu walichonga. Siku hiyo akaja na bahasha tu, akanimwagia mezani vibao viwili vya mbao ya walnati, yani nusu mbili za mpini mmoja, na skrubu moja.

"Kijana, hii ni Roper."

Hakuuliza, alisema.

Kwa asiyemjua, Walter Roper alikuwa Mmarekani, miaka ya 1930 na 1940 alikuwa anawauzia watu wa kulenga shabaha mipini iliyochongwa kwa mkono ya bastola za Smith & Wesson na Colt. Mipini ya kawaida ya kiwandani ilikuwa inaacha pengo nyuma ya kile kipete kinachozunguka triga, ukifyatua bastola inaruka na chuma kinakugonga kidole cha kati, ukipiga risasi nyingi kidole kinavimba. Yeye akajaza hilo pengo kwa mbao, na tumbo la mpini likanenepa lijae kiganjani. Ila patasi haikuwa ya kwake, mchongaji hasa alikuwa Matthew Gagne, Roper alikuwa na mawazo na wateja. Tabu ni kwamba nyingi hazina muhuri wala jina, fundi mzuri kiasi kile afu hasaini! Kwahiyo kila anayeokota mpini wa walnati mnene wenye nakshi anaota Roper, na bei inaota naye.

Mimi kwenye fenicha nilishazoea, ukitaka kujua nani katengeneza kabati huangalii mlango, unavuta droo unaigeuza chini juu. Nikavipindua vile vibao. Kitu cha kwanza ni namba. Smith & Wesson walikuwa wanagonga au kuandika kwa penseli namba ya bastola ndani ya kibao cha kulia, hapa hamna kitu, sawa, si ya kiwandani. Hogue, watengeneza mipini wengine, sio, ule mpini wao wa kipande kimoja skrubu yake inaingilia chini ya kitako na hii inapita ubavuni. Herrett wa Twin Falls, Idaho, yule aliyekuwa anataka mteja amtumie mchoro wa kiganja chake kwenye karatasi ndo amchongee, hapana pia, mzee mwenyewe alikuwa nazo na nilishazishika, umbo lake lingine kabisa. Sanderson, mchongaji mwingine, naye zile zake za shabaha zilikuwa na kiegemeo kikubwa cha dole gumba, hapa hakipo. Kila jina nililolitoa mzee anatabasamu zaidi, anaona Roper anakaribia.

Afu nikawasha taa ya mezani nikaviweka pamoja ubavu kwa ubavu, ndani juu.

Kibao cha kulia ndani kilikuwa cheusi-cheusi, ile weusi wa mafuta ya bunduki yaliyonywewa na mbao miaka na miaka, na alama za patasi fupi fupi, safi, mtu alikuwa anajua anaenda wapi. Cha kushoto ndani kilikuwa cheupe. Yani rangi ya mbao iliyopasuliwa majuzi, na pembeni rangi ya kahawia imechuruzika kutoka nje ikakauka kama mstari wa chai kwenye kikombe. Kilipakwa rangi ili kifanane. Kile kitundu cha chini kinachokaa kwenye pini ya fremu ya bastola, kulia kilikuwa cha duara na kinabana, kushoto kilikuwa cha yai, mtu alitoboa pasipo kwanza akamalizia na tupa.

Sikusema kitu bado. Nikachukua rula na lenzi nikahesabu nakshi, ile mistari inayokatana mpaka vinabaki vialmasi vidogo. Kulia mistari 22 kwa inchi, kushoto 20. Hapo ndo basi, maana anayechonga hiyo nakshi anatumia kisu cha meno mawili, jino moja linapita kwenye mfereji aliokwisha kuchonga na la pili linachora unaofuata, kwahiyo nafasi iko kwenye chuma chake, mkono ukichoka nafasi haibadiliki. Ukiona 22 huku na 20 kule kwenye pea moja, visu viwili, na kwa ninavyojua mafundi ni watu wawili.

"Mzee, hivi ni vibao vya watu wawili."

Akavuta kiti.

Nikamwonyesha yote. Alibisha kidogo kwenye rangi, akasema jua, nikamwambia jua haliingii ndani ya mpini. Kwenye hesabu ya mistari akahesabu mwenyewe, mara mbili, miwani kwenye paji la uso. Kile cha kulia nikamwambia hakuna kinachokataa kuwa cha Gagne, mpaka wa nakshi haujavukwa hata sehemu moja na unene umeshuka taratibu bila kona. Lakini kisirisiri mimi nilikuwa nakipenda cha kushoto. Kuna mtu aliletewa nusu, labda nyingine ilipasuka kwenye skrubu maana hapo ndo mbao huwa nyembamba, akatafuta walnati yenye mkondo wa nyuzi unaokaribia kufanana, akachonga kitu kwa kukitazama kwenye kioo, maana cha kulia huwezi kukinakili hivihivi, lazima ukigeuze kichwani. Na alifaulu! Mkononi huhisi tofauti.

Mzee hakuwa kwenye hali ya kusifia. "Basi nusu Roper," akasema. Nikamwambia kwenye daftari aandike kibao cha kulia inaaminika ni Roper, cha kushoto fundi mwingine wa baadaye. Akaniuliza kama naweza kukitoa hicho cha kushoto ile rangi, nikaipitisha nakshi upya kwa 22, nikipake mafuta meusi ndani. Ningeweza, kisu ninacho. Nikamkatalia, nikamwambia nitakisafisha tu na kukaza ile nati yake ya shaba iliyolegea, hayo mengine atafute mtu.

Akaondoka amenuna, bahasha mkononi. Baadaye akarudi na mpini mwingine umefungwa kwenye kitambaa, akauweka mezani, akakaa. "Sisemi ni ya nani. Pindua mwenyewe."