Rangi ya Mdomo Machoni

Jumapili usiku, Dodoma.

Jana kikundi chetu kiliigiza kwenye kijiji kimoja upande wa Chamwino. Jukwaa lilikuwa vumbi chini ya mbuyu, watu wamekaa duara, watoto mbele. Igizo linamhusu bibi anayeambiwa ni mchawi baada ya ng'ombe wa jirani kufa. Ushahidi ni macho yake mekundu. Binti anayemwigiza ana miaka 22, kwa hiyo tulimpaka rangi ya mdomo kuzunguka macho. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji.

Pale hakuna asiyejua wekundu ule unatoka wapi. Pikia kuni miaka hamsini ndani ya tembe, uone. Lakini kujua hakujawaokoa vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa macho hayo hayo.

Wazo nililitoa kwa Arthur Miller, mwandishi wa tamthilia wa Marekani. Mchezo wake wa mwaka 1953 unahusu Salem, Massachusetts, ambako mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi. Darasani tunasema alikuwa akiwapiga vijembe wasaka wakomunisti wa Marekani ya siku zake, wanafunzi wanaandika, wanapata maksi, basi. Kinachonikaa kooni mimi ni ile mahakama: aliyekiri aliachwa hai, aliyekana akapelekwa kitanzini. Halafu kuna mashamba. Mle mchezoni mzee mmoja anasema wazi kwamba jirani anawasingizia watu ili ardhi yao imwangukie. Hilo nililileta Dodoma bila kubadili kitu, ila shamba nikalifanya la zabibu.

Tulipanga kwamba kwenye kesi nisimame, nigeukie hadhira, niulize: "Ndugu wananchi, huyu tumfanyeje?" Mazoezini tulikuwa na hakika watamtetea. Shamba si wameliona?

"Ahame!" kijana mmoja akapaza sauti. Kicheko. Wengine wakaitikia, "Ahame! Ahame!", mpaka mpiga ngoma wetu, bila kuambiwa, akaanza kuwafuatisha.

Na mimi nilinogewa. Naliandika hapa kwa sababu kwenye gari, wakati wa kurudi, sikuthubutu kulisema. Nimesimama katikati, watu wote wananitazama, neno ni moja, na mkono wangu ukapanda wenyewe kama wa mtu anayetoa hukumu. Mstari uliofuata, wa kumtetea bibi, ulinitoka kichwani kabisa. Binti ndiye aliyeniokoa: alianza kulia kabla ya zamu yake, na uwanja ukatulia.

Baadaye, tukikunja kanga za maigizo, bibi mmoja alikuja na kigoda chake mkononi. Hakunitazama. Alimsogelea binti, akamshika kidevu, akamchungulia macho kwa muda.

"Mjukuu wangu, hii rangi inatoka?"

"Inatoka bibi, kwa maji tu."

"Haya. Kanawe, mwanangu, kabla hamjaondoka."