Pikapu inawaka alfajiri Isyonje, ila pikipiki iliikataa oili ile ile

Huku Isyonje, milimani mkoani Mbeya, Juni na Julai tunaamka majani ya viazi yameungua kwa sakitu. Pikapu yangu ya dizeli nilikuwa naiwekea 20W-50, maana niliambiwa gari la mizigo linataka oili nzito. Saa kumi na moja alfajiri, magunia ya soko la Soweto yako juu, napiga stata, injini inajivuta mpaka betri inaisha. Jirani akanishauri niweke jiko la mkaa chini ya injini. Niliweka siku mbili. Ya tatu nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Msifanye hivyo jamani, pale kuna mipira ya dizeli!

Ndipo nikafungua kitabu cha gari. Kinaruhusu 5W-30. Namba iliyo kabla ya W ndiyo ya baridi: ikiwa ndogo, oili inatiririka upesi injini ikiwa bado baridi. Fundi akakataa katakata: "Mama, hiyo nyepesi kama maji, itavuja kwenye sili zote." Nikanunua ya sintetiki, yenye maandishi ya injini za dizeli, madumu mawili ya lita 5. Bei ni zaidi ya mara mbili ya niliyozoea. Huu msimu wa pili, sijaona tone chini, na stata naipiga mara moja tu.

Sasa, zilibaki lita kama tatu. Mdogo wangu ana pikipiki, nikamwambia mwaga ya zamani, tukutilie oili ya maana. Siku ya kwanza akaisifu, injini imetulia. Siku ya pili anapandisha kutoka Uyole na magunia mawili ya mbolea, anavuta moto, injini inalia, pikipiki haiendi. Akashusha gunia moja, bado. Alifika nyumbani usiku, anasukuma. Fundi wa kwanza akataka kumuuzia sahani mpya za klachi. Mzee mmoja wa Mwanjelwa akauliza swali moja tu: "Mmeweka oili gani?"

Kumbe sahani za klachi ya pikipiki zinaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi za gari, hasa nyepesi, zina dawa za kupunguza msuguano. Klachi bila msuguano haishiki. Tukamwaga, tukatia yenye alama ya JASO MA, yaani oili ya pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili, tukaibadilisha tena baada ya siku chache. Klachi ikarudi, sahani zile zile. Sintetiki za pikipiki zipo pia, tafuta alama hiyo kwenye kopo.

Pawatila yangu, trekta dogo la kuongoza kwa mikono, iko Mbarali kwenye mpunga, joto tupu. Ile naibadilishia oili, naweka ya kawaida, kila baada ya saa 100 za kazi, kama kitabu chake kinavyosema.

Na madumu yakiisha nayatoboa kwa msumari wa moto kabla ya kuyatupa. Kuna watu wanayaokota, wanajaza oili chafu iliyochujwa, wanakuuzia tena kwa bei ya mpya. Dumu langu halitafanya kazi hiyo.