Uchaguzi wa kikundi chetu ulipokosa wagombea

Ajenda ya uchaguzi ilipofika nikauliza nani yuko tayari kugombea uenyekiti. Kimya. Mmoja akaanza kujifunga khanga upya, mwingine akakumbuka kumnyonyesha mtoto aliyekuwa amelala fofofo. Ukatibu je? Kimya. Nilipotaja mweka hazina, hata waliokuwa wakinong'ona nyuma wakanyamaza.

Tuko 26 katika kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Ngamiani, Tanga. Hisa ni shilingi 2,000, kila wiki mtu ananunua moja hadi tano, na baada ya miezi 12 tunavunja sanduku na kugawana. Mgao ulikuwa umeshafanyika, na mimi nilikuwa nimemaliza mizunguko miwili ya uenyekiti ambayo katiba yetu inaruhusu. Benki nako walikuwa wanasubiri majina mapya ya watia saini.

Mwaka uliotangulia tulikwepa tatizo hili kwa ujanja ambao nadhani vikundi vingi vinaujua: tulimchagua asiyekuwepo. Mwenzetu alikwenda msibani Muheza, akarudi akaambiwa yeye ndiye katibu. Hakukataa, ila daftari likawa na wiki chungu nzima zisizoandikwa, na siku ya mgao tulikesha tukilinganisha vitabu vya wanachama mhuri kwa mhuri. Nikajiapiza, si tena.

Basi nikaahirisha kikao kwa wiki mbili, nikawa napita nyumba kwa nyumba kila jioni. Sikumwomba mtu agombee. Niliuliza tu: katika uongozi, kazi gani hasa huitaki?

Kwa mweka hazina, tatizo lilikuwa sanduku. Lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kwa hiyo anayelitunza hawezi kulifungua peke yake, lakini mwizi halimhusu hilo, atalibeba kama lilivyo. Mume wa mmoja alishasema wazi kwamba fedha za watu hazilali ndani mwake. Uenyekiti nao ulikimbiwa kwa sababu ya kudai. Hapo sikuwa na la kubisha, maana mimi mwenyewe nimekosana na shoga yangu kwa mkopo wa laki tatu, na mpaka leo tunapishana sokoni kama hatujuani. Dada mmoja muuza vitumbua aliniambia, huku akivigeuza kwa kijiti, kwamba kuandika anaweza vizuri tu, ila kupiga hesabu za riba mbele za watu kunamtetemesha.

Jibu lililonikaa zaidi lilitoka kwa bibi yetu mmoja. "Mwanangu, wewe unasimama unauliza nani anataka. Nani atanyoosha mkono aonekane ana kimbelembele na hela za wenzake?"

Kikao kilichofuata hatukuchagua mtu. Tulibadilisha kazi kwanza. Fedha ikizidi 200,000 inakwenda benki kesho yake asubuhi, na wanaipeleka wawili. Kudai kukahamia kwa kamati ya watu watatu wanaobadilishwa kila baada ya miezi mitatu, ili chuki isimwangukie mmoja. Katibu akapewa msaidizi wa hesabu. Tulibishana sana kuhusu hiyo kamati, lakini ikapita.

Kisha kila mtu akapewa kipande cha karatasi aandike majina mawili ya watu anaoweza kuwaachia fedha zake akisafiri. Cheo hakikutajwa. Wasiojua kuandika walimnong'oneza afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye tulimwalika makusudi kwa kuwa hana hisa kwetu.

Muuza vitumbua alitajwa mara 17. Sikutangaza. Nilimfuata kwake nikamwonyesha zile karatasi, akazisoma moja moja, akaniuliza kama nina hakika hazikuandikwa na mtu mmoja. Nikampa siku tatu azungumze na mumewe. Kwa mwingine nilikosea: nilimng'ang'ania palepale mlangoni, akaacha kuja vikao viwili, ikabidi niende kumwomba radhi na kumwambia hadaiwi jibu lolote.

Tulipata wagombea wawili kwa kila nafasi, isipokuwa mweka hazina aliyebaki peke yake, naye tukampigia kura ya ndiyo au hapana. Tulipiga kwa punje za mahindi, bakuli zikiwa nyuma ya khanga iliyotundikwa, wagombea wamegeukia ukutani. Muuza vitumbua akawa katibu. Mwenyekiti ni dada ambaye katika miaka yote sikuwahi kumsikia akichangia hoja.

Kikao chao cha kwanza nilichelewa dakika kumi. Katibu akaangalia saa, akaandika jina langu, akanyoosha mkono: faini 500. Nikatoa, nikatafuta nafasi nyuma ya mkeka, karibu na wanaonong'ona.